Mnyapara wa Pua

1

Asubuhi ile ukungu uliingia maabara kabla yangu. Nilipofungua mlango ulikuwa umeshakaa juu ya meza, kwenye viti na kwenye hadubini, nami nikapita katikati yake polepole, kama mtu anayepita chumba walicholala wagonjwa. Kwetu huku juu ya Soni ukungu hauombi ruhusa. Mwezi wa saba ukifika unaingia alfajiri na unatoka ukijisikia.

Kazi yangu ni minyoo. Si wale wa tumboni, tafadhali, ingawa nimechoka kueleza hilo. Ni minyoo mviringo wa udongoni, weupe, laini, wadogo kiasi kwamba kumi wakijipanga mkia kwa kichwa ndiyo wanafika upana wa ukucha wa dole gumba. Watu wa hapa wananiita Dada Minyoo. Kwenye msiba mmoja kuna mama alikataa chapati kwa sababu alisikia nimezisukuma mimi.

Niliketi, nikadondosha harufu ya siagi upande wa kulia wa kisahani cha jeli, spiriti tupu upande wa kushoto, na katikati nikaweka minyoo mia mbili. Mnyoo wa kawaida akipata harufu ya siagi haulizi mara mbili. Hawa wangu walisimama, wakainua vichwa, wakageuka wote na kuondoka zao kushoto, taratibu, kundi zima, na chini ya taa ya hadubini walionekana wanaelea. Nimewatazama wakifanya hivyo miaka ishirini na bado macho yangu yanapata raha kila nikiwatazama.

Kisa chao ni kifupi. Mnyoo ana neva mia tatu na mbili, hazizidi. Chache kati ya hizo ndizo pua yake, na kila moja ina jeni moja inayoisimamia. Sisi kituoni tunamwita mnyapara. Mnyapara ndiye anayeiambia neva: wewe ni wa harufu, kazi yako ni kumsogeza mnyoo mbele. Ukimwondoa mnyapara neva haifi. Inakaa pale pale, inakula, inapumua, ila haijui tena kazi yake ni ipi, na mara nyingi inaishia kuiga ya jirani. Jirani kazi yake ni kukimbiza. Basi siagi inafika kama ilivyokuwa ikifika siku zote, na mnyoo anaikimbia.

Ningekuwa nacheza na minyoo tu mpaka kustaafu, kama si Homa ya Ukungu. Ilipopanda milima hii miaka tisa iliyopita, ilifuta wanyapara kwenye pua za watu. Wengine walipoteza harufu zote. Wengine harufu ziliwageuka: mtu analia akipita karibu na mkate, mwingine anachukia shati la mume wake. Kutoka kwa minyoo wangu tukapata matone. Tone moja kila tundu la pua, na mnyapara mpya anaingia kwenye neva zilizopotea na kuzipanga upya.

Kasoro yake naijua mimi kuliko mtu yeyote, kwa kuwa nimeitengeneza. Mnyapara tuliyemweza ni mmoja tu, anayesema sogea. Hachagui. Neva ikishampokea, kila kitu inachokinusa kinakuwa kizuri, na hakuna kurudi nyuma tena. Mzee Shekibula wa kiwanda cha ngozi aliyaomba matone mwenyewe ili aache kutapika kazini, na alifurahi nayo sana. Mwaka jana nyumba yake ilishika moto mchana kweupe. Majirani walimtoa akiwa amekaa kwenye kigoda karibu na moshi, anatabasamu, na hakuelewa kwa nini wanamvuta. Ndipo ikaja sheria kwamba hakuna tone bila mtu mwenyewe kuweka dole gumba.

Simu ikanilia sikioni. Alikuwa Mhina, mdogo wangu.

"Dada, tumetoka kliniki. Mtoto kapungua tena."

"Kiasi gani?"

"Gramu mia na hamsini. Nesi kasema kesho kutwa, Alhamisi, asipopanda wanamchukua wilayani wakamwekee mpira wa kulishia puani."

"Na mama yake?"

"Yupo. Kajifunika tu uso."

Nikatoka na koti la maabara mwilini. Utaratibu wetu ni kwamba saa moja ikiisha unahesabu minyoo, unaandika, kisha visahani vinachemshwa. Siku ile niliviacha mezani, na tangu nianze kazi nilikuwa sijawahi kufanya hivyo.

2

Mtoto ni somo yangu. Walimwita Mwajabu kwa heshima yangu, na sitajifanya kwamba halikunipanda kichwani.

Hidaya, mke wa Mhina, alishikwa na Homa ya Ukungu, ambayo haijaisha huku, mimba ikiwa ya miezi minane. Ilimwachia baada ya siku nne, tukashukuru, tukasahau. Alipojifungua na mtoto akawekwa kifuani, alipiga kelele kwamba kuna mpira wa gari unaungua chumbani. Wakunga walitafuta moto kila kona. Walimpeleka mtoto nje kwa usalama, na harufu ikaisha. Walipomrudisha, ikarudi. Hidaya ndiye aliyeelewa wa kwanza, na hakusema neno mpaka kesho yake.

Wazo la kitambaa lilikuwa langu. Nilimwambia asage majani ya mkaratusi, ayakunje ndani ya khanga, aifunge puani na mdomoni kila anaponyonyesha, na mengine ajipake shingoni na kifuani. Mkaratusi ni mkali, unafunika kila kitu. Nilitoa ushauri huo kwa majigambo, mtaalamu wa pua mzima. Sasa ilikuwa wiki ya sita.

Nilimkuta ameketi kitandani amejifunga khanga mpaka chini ya macho. Mama yetu alikuwa pembeni na mtoto. Walimweka kwenye titi. Akanyonya mara mbili, akaachia, akageuza kichwa, akalia kile kilio chembamba cha mtoto asiye na nguvu. Wakambadilisha upande. Mara mbili tena, akaachia. Kwa chupa ilikuwa vilevile, anapaliwa na kuyatema maziwa. Nilitazama miguu yake, ngozi ilivyolegea mapajani.

Mama akamchukua akatoka naye uani. Hidaya alifungua khanga akavuta hewa. Huyu alikuwa mtu wa kelele kabla ya haya, mpika jamu ya plamu, anacheka mpaka ng'ambo ya bonde wanamsikia. Uso wake ulikuwa umepungua kuliko wa mtoto.

"Wifi," nikamwambia, "tone moja tu. Leo hii. Kesho asubuhi ungemshika ukamnusa na usitake kumwachia."

"Najua."

"Basi?"

"Homa haikuniuliza, wifi. Iliingia ikanipangia nipende nini na nichukie nini. Sasa na nyie mje mnipangie?"

"Ni mwanao."

"Ndiyo maana. Nataka siku nikimpenda niwe ni mimi." Akajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Na nikipika je? Peke yangu jikoni, mtoto mgongoni, sufuria inaungua na mimi nanusa manukato? Umesahau mzee Shekibula?"

Yeye alikuwa na akili zake zote, na mtoto alikuwa anakwisha. Nilikaa pale nikishika mkono wake, na dirishani ukungu ulipita, ukafuta mti wa peasi, kisha choo, kisha banda la kuku, ukavirudisha kimoja kimoja.

Mama alinidaka jikoni. Alizungumza huku anachambua mboga, hakuniangalia.

"Mwajabu, nimezaa saba, nimezika wawili. Sitaki kumwosha mjukuu."

"Hakuna anayetaka, mama."

"Kesho saa nne namfukiza mkeo huyu." Mama anapokasirika huwaita mawifi zangu wake zangu. "Nyungu ya uzazi, haitakuwa ajabu, nimeshamfukiza mara tatu. Wewe njoo na kichupa chako."

"Hajakubali. Lazima aweke dole."

"Dole lake silihitaji. Nahitaji pua yake." Akautupa mchicha kwenye beseni. "Kwa mvuke matone yanafanya kazi, hayafanyi?"

Yanafanya. Yanapanda vizuri kuliko kwa kudondosha. Hilo nililiandika mwenyewe kwenye ripoti, na mama asiyejua kusoma lugha ya ripoti alikuwa amelisikia kutoka kwangu mezani nikijisifu. Nilipaswa kusema hapana. Nilimsaidia kuchambua mchicha.

3

Jumatano nilipanda kituoni kuchukua kichupa. Ukungu ulikuwa mzito hata nikaifuata njia kwa miguu, nikisikiliza kokoto. Nilikuwa na amani ya ajabu, ile ya mtu aliyeamua kufanya kibaya na kuacha kubishana. Nilijiona nikitembea ndani ya usingizi wa mtu mwingine.

Visahani vya jana vilikuwa mezani. Nilikiinua kimoja nikichemshe, nikakiona hakiko sawa.

Minyoo walikuwa kulia. Karibu wote, wamejazana juu ya siagi.

Nilikaa kitako. Nikakiweka chini ya hadubini. Pale kwenye siagi palikuwa pameota doa jeupe la bakteria, na bakteria ndio chakula chao. Pengine nilipiga chafya, pengine ni kidole changu, uchafu wa kizembe ambao ningempigia kelele mwanafunzi. Minyoo walikuwa wanakula.

Wazo la kwanza lilikuwa kwamba mnyapara amerudi. Sisi humtia alama, akiwepo kazini neva inang'aa kijani, nuru ndogo nzuri kichwani mwa mnyoo. Nikawasha taa ya kuitazama. Giza. Nikapitia vichwa arobaini, hamsini. Giza tupu. Neva zao zilikuwa bado zimepotea, bado zinawaambia kimbia. Nao wako pale pale, wanakula.

Nikalaza taa pembeni ili nione nyayo. Mnyoo akipita juu ya jeli huacha mchoro wa mawimbi, na usiku kucha walikuwa wamechora kisahani kizima. Mistari ilikwenda kwenye siagi ikarudi. Ikaenda tena, mbele kidogo kuliko mwanzo, ikarudi. Kulikuwa na mnyoo mmoja niliyeweza kumfuata peke yake, na alikuwa amerudi nyuma mara kumi na saba.

Nilitokwa na machozi, nikayaachia. Miaka ishirini nimekuwa nikihesabu saa moja ikiisha na kuandika: wanakimbia. Kisha nawachemsha. Neva tatu nne za pua nilizijua mpaka jina la kila jeni, na zile karibu mia tatu nyingine sikuwahi kuzipa hata siku moja ya kusema lao.

Lakini mtoto si mnyoo, na Alhamisi ilikuwa kesho. Kichupa nilikichukua. Nilijiambia nakibeba kwa tahadhari tu, na ulikuwa uongo mtupu.

4

Nyungu ilikuwa jikoni, kubwa, inatokota mkaratusi na mchaichai. Mama alikuwa chumbani anamwandaa Hidaya, nasikia blanketi linakung'utwa. Mtoto alikuwa mikononi mwangu kwa sababu hakukuwa na wa kumshika. Alikuwa mwepesi hata nikaogopa kumbana.

Nilifungua kichupa kwa meno.

Mkono wangu ulikuwa juu ya mvuke. Nilihitaji kuinama kidogo ili matone yasianguke pembeni, nikainama, na mtoto akainama pamoja nami. Mvuke ulipomgusa akageuza kichwa. Akalia kile kilio chembamba.

Nikasimama wima. Akanyamaza.

Nikainama tena. Sikuwa nafikiria chochote bado, mikono yangu tu ndiyo ilikuwa inafanya kazi yake ya kila siku, kuweka harufu hapa na kungoja. Akageuza kichwa upande ule ule, kwa namna ile ile niliyomwona akifanya kwenye titi. Nikasimama. Akanyamaza, akanusa koti langu.

Nilihisi aibu imeanzia miguuni ikapanda. Mtoto ana pua. Wiki sita nimekaa na pua ya mama yake, na huyu naye ana yake, mpya kabisa, wanyapara wote wako kazini, na jambo moja aliloletwa nalo duniani ni kumtafuta mama yake kwa harufu. Nami nilikuwa nimemfunika mama yake kwa mkaratusi kuanzia shingoni mpaka kifuani. Kila alipopelekwa kunyonya alikuwa anapelekwa kwa mgeni mkali, naye akafanya anachofanya kila kiumbe chenye pua. Na hata chupa, ni nani aliyekuwa anamshika? Bibi yake, mchemsha nyungu, anayenuka mkaratusi huo huo.

Nikafunga kichupa. Nikaingia chumbani, nikampa mama mtoto, nikaweka kichupa kwenye mapaja ya Hidaya.

"Hiki nini?" akauliza, ingawa alikijua.

"Nilikuwa naenda kukutilia kwenye nyungu."

Mama akasema, "Mwajabu!" lakini nilikuwa nimeshaanza na sikutaka kuacha.

Hidaya alikitazama kichupa muda mrefu. "Mngeniambia baadaye?"

"Mimi nisingekuambia."

"Mtoto akue, mimi namsifu, ninyi mnatazamana?"

"Ndiyo."

"Mbaya wewe, wifi."

"Najua. Nisikilize kwanza, halafu unifukuze." Nikamweleza kichwa cha mtoto kilivyogeuka juu ya mvuke, mara ya kwanza na ya pili. Nikamweleza ni mkaratusi anaoukimbia, si yeye. Alisikiliza bila kupepesa.

"Nani aliniambia nijipake mkaratusi?"

"Mimi."

Akacheka. Kilitoka kwa nguvu kile kicheko chake cha zamani, ng'ambo ya bonde walikisikia bila shaka, kikaishia kwenye kilio, naye akalia mpaka mabega yakatulia. Mama alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, anamtazama mjukuu wake usoni kana kwamba ndiyo kwanza wanatambulishwa.

Kisha nikamweleza habari za minyoo. Sikujua kama ilikuwa haki kumwambia. Nilimwambia kuhusu siagi, na doa la chakula, na nyayo za kwenda na kurudi.

"Walizoea?" akauliza. "Ikaacha kunuka?"

Ningeweza kumdanganya hapo, na ingekuwa rahisi. "Sidhani. Nilitazama vichwa vyao, hakuna kilichobadilika. Nadhani inanuka vilevile, na wanakaa."

Akaninyooshea kichupa. "Kiweke kabatini kwangu. Kikihitajika nitaweka dole mwenyewe. Mama, niletee maji ya uvuguvugu. Usitie jani lolote."

Alijiosha shingo, kifua, mikono, akabadilisha gauni. Akafungua khanga ya usoni, akaikunja, akaitupa kwenye kapu la nguo chafu. Akashika ukingo wa kitanda kwa mkono mmoja, na mimi nikamletea mtoto.

Mara ya kwanza alitapika kwenye beseni kabla hata hajamgusa. Mara ya pili alimshika, akahesabu kwa sauti mpaka tisa, akanirudishia, akatapika. Mama akasema, "Basi, mwanangu, pumzika," na Hidaya akatikisa kichwa, jasho linamtiririka mashavuni.

"Mlete."

Mara ya tatu mtoto hakungoja kuelekezwa. Pua yake ndogo ilipita juu ya ngozi ya mama yake, ikasimama, ikarudi, akapata titi na kulishika. Tukasikia anavyomeza. Chumba kizima tulikaa tukisikiliza maziwa yanashuka, mama mkono mdomoni, mimi nimesimama na taulo sijui la kufutia nini. Alinyonya mara kumi, ishirini, bila kuachia.

Kisha akaachia. Lakini hakulia. Alikuwa anamtazama mama yake. Wiki sita alikuwa ameona macho tu juu ya khanga, na sasa kulikuwa na pua, na kidevu, na midomo inayotetemeka, na alikuwa anavikagua vyote kwa uzito mkubwa, maziwa yakimchuruzika shavuni. Aliporidhika akarudi kunyonya.

Hidaya alikuwa mweupe midomoni. Machozi na makamasi vilimtoka pamoja, kifua kinapanda na kushuka, na mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama. Niliona hawezi zaidi. Nikanyoosha mikono nimpokee.

Akanigeuzia bega.

"Ananuka," akasema. "Wifi, mwanangu ananuka vibaya. Muache hapa hapa."